Darubini ya Kioo: Jinsi ya Kuitengeneza kwa Mikono

Watu wengi waonapo picha za darubini kubwa za kutazamia nyota hudhani kwamba chombo cha namna hiyo hakiwezi kutoka mahali popote isipokuwa kiwandani, tena kiwanda cha nchi tajiri. Dhana hiyo ina ukweli fulani kuhusu lenzi za kamera na za hadubini. Kuhusu darubini ya kioo, si kweli hata kidogo. Kiini cha darubini hiyo ni bamba moja lililosagwa na kung'arishwa upande mmoja, na kazi hiyo ya kusaga, ambayo usahihi wake wapita ule wa mashine nyingi za karakana, hufanywa vizuri kabisa na mikono miwili, maji, na unga mgumu. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na hasa kwa nini inawezekana. Maana mwanafunzi aelewaye sababu hatapotea hata akikosa kifaa hiki au kile kilichotajwa hapa.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Kiswahili hutumia neno kioo kwa vitu viwili: kile kitu angavu cha dirishani, na kile tunachojitazamia. Ili tusichanganyikiwe, hapa nitaita kile cha kwanza bamba, na kile kitakachotokana nacho, baada ya kazi yote, nitakiita kioo kikuu.

Lenzi na kioo

Darubini za kwanza, zilizojulikana Uholanzi mwaka 1608 na ambazo Galileo alianza kuzielekeza mbinguni mwaka uliofuata, zilikuwa za lenzi. Lenzi hukusanya mwanga kwa kuupinda, lakini haipindi rangi zote kwa kiasi kilekile. Buluu hupindika kuliko nyekundu, na kwa hiyo kila nyota yenye mwanga mkali huonekana imezungukwa na ukingo wa rangi. Mwaka 1663 Mskoti James Gregory alipendekeza darubini ya vioo, lakini hakupata fundi wa kumtengenezea. Isaac Newton hakungoja fundi. Mwaka 1668 aliyeyusha mwenyewe mchanganyiko wa shaba na bati, akausubu, akausaga, akaung'arisha, hata akapata darubini yenye urefu wa sentimita 15 hivi na kioo chenye kipenyo cha sentimita 3 na kitu. Kwa kuwa kioo huakisi rangi zote kwa pembe moja, ule ukingo wa rangi ulitoweka.

Newton aliamini kwamba kasoro ya lenzi haina dawa. Katika hilo alikosea, kwani katika karne ya 18 Waingereza wenzake waliipatia dawa kwa kuunganisha lenzi za kioo cha aina mbili. Hata hivyo vioo vilishinda mwishowe, kwa sababu nyingine kabisa. Lenzi hushikiliwa ukingoni tu, na ikiwa kubwa hulemewa na uzito wake. Kioo chaweza kuegemezwa kwa mgongo wake wote. Lenzi kubwa kuliko zote zilizofanya kazi ya utafiti wa nyota, ile ya Yerkes huko Marekani, ni ya mwaka 1897 na ina kipenyo cha sentimita 102. Darubini ya Sutherland katika Afrika ya Kusini, iliyokamilika mwaka 2005, ina vipande 91 vya vioo vyenye pembe sita, ambavyo kwa pamoja hufanya kioo kimoja chenye upana wa mita 11 hivi.

Mpangilio wa Newton ndio tutakaoufuata. Kioo mbonyeo hukaa chini kabisa ya bomba, uso wake ukitazama juu. Miale ya nyota, ambayo hufika kwetu ikiwa sambamba, hupiga kioo hicho na kurudi juu ikielekea nukta moja, yaani fokasi. Kabla haijafika hapo hukutana na kioo kidogo bapa kilichoinamishwa nyuzi 45, ambacho huigeuza itoke ubavuni mwa bomba. Hapo taswira hutokea, na lenzi ndogo ya jicho huikuza.

Mtu aliyeonyesha zaidi ya wote nini chaweza kutoka nyumbani ni William Herschel, mwalimu wa muziki katika mji wa Bath, Uingereza. Alishindwa kununua darubini aliyoitaka, akajifunza kusaga vioo vyake. Dada yake, Caroline, aliandika kwamba safari moja kaka yake hakuondoa mikono juu ya kioo kwa saa 16, na yeye akawa anamtilia chakula kinywani. Tarehe 13 Machi 1781, kwa darubini ya kipenyo cha sentimita 16 aliyoitengeneza mwenyewe, Herschel aliona katika ua wa nyumba yake kitu ambacho si nyota. Ilikuwa Uranus, sayari ya kwanza kugunduliwa na mtu ambaye jina lake twalijua.

Usahihi unaotakiwa

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Mwanga ni mawimbi, na wimbi la rangi ya kijani, ambalo jicho hulipokea vizuri kuliko yote, lina urefu wa milimita 0.00055. Ili taswira iwe safi, miale yote inayotoka sehemu mbalimbali za kioo hapana budi ifike kwenye fokasi bila kupishana kwa zaidi ya robo ya wimbi. Na kwa kuwa mwanga huenda hadi kwenye kioo kisha hurudi, kosa lolote la uso wake huhesabiwa mara mbili. Kwa hiyo uso wenyewe usikosee kwa zaidi ya thumuni ya wimbi, yaani milimita 0.00007. Hiyo ni kama sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele.

Ili tupate kulitambua jambo hili, tuchukue kioo chenye kipenyo cha sentimita 15, tukikuze kwa mawazo hata upana wake ulingane na urefu wa kisiwa cha Unguja, kilometa 85 hivi. Ubonyeo wake wa katikati, ambao kwa kweli ni milimita 1, ungekuwa bonde lenye kina cha karibu mita 600. Lakini katika bonde lote hilo, kutoka ufuko hadi ufuko, kisingeruhusiwa kilima wala shimo la kupita sentimita 4.

Je, mkono wa binadamu utawezaje? Jibu ni kwamba mkono hauutengenezi usahihi huo. Kazi yake ni kusukuma tu. Usahihi hutokana na jiometri. Tuchukue mabamba mawili ya duara, moja juu ya jingine, katikati tutie unga mgumu na maji, kisha tulisukume la juu mbele na nyuma huku tukiligeuza kidogo kidogo na kubadili upande tunaposimama. Palipoinuka ndipo patakaposuguliwa, palipoinama pataachwa. Baada ya muda nyuso mbili hizo zitagusana kila mahali, vyovyote tutakavyozisogeza au kuzizungusha. Na nyuso ziwezazo kugusana kila mahali huku zikisogea kila upande ni za aina moja tu: vipande vya tufe, kimoja kikiwa mbonyeo na cha pili mbinuko kwa kiasi kilekile. (Nyuso bapa nazo zaweza, lakini ubapa ni tufe lenye nusukipenyo kisicho na mwisho.) Kwa hiyo kadiri mikono inavyobahatisha, bila mpango wa kukaza hapa au pale, ndivyo tufe linavyokuwa sahihi. Sijui kazi nyingine ya ufundi ambamo kutofuata mstari huleta usahihi mkubwa kiasi hiki.

Lipi litabonyea na lipi litabinuka? Bamba la juu linaposukumwa hata likaning'inia nje ya lile la chini, uzito wake wote hukaa juu ya ukingo wa la chini na katikati ya lenyewe. La juu basi huliwa katikati, na la chini huliwa ukingoni. Kwa hiyo la juu ndilo litakalokuwa kioo kikuu, na la chini tutaliita kisagio.

Uchaguzi wa vipimo

Mwalimu wa hisabati atauliza mara moja: kioo cha darubini si kipande cha paraboli? Naam. Tufe halikusanyi miale sambamba katika nukta moja kamili. Paraboli hufanya hivyo. Lakini tofauti kati ya maumbo hayo mawili hupungua upesi sana ubonyeo unapopungua, na hapa ndipo busara ya kuchagua vipimo inapotufaa. Kioo cha kipenyo cha sentimita 15 chenye urefu wa fokasi wa sentimita 135 kina tofauti ya milimita 0.00005 tu kati ya tufe na paraboli iliyo karibu nalo zaidi. Hiyo iko ndani ya kiasi tulichoruhusiwa. Hivyo tufe, lile lijalo lenyewe mikononi, latosha. Mtu akitaka darubini fupi, kwa mfano ya sentimita 90, itambidi ageuze tufe kuwa paraboli kwa kung'arisha katikati zaidi, na hiyo ni kazi ya kioo cha pili, si cha kwanza. Nawasihi wanafunzi wasiufuate ushauri wa wale wapendao bomba fupi kwa sababu tu ni jepesi kubeba.

Ubonyeo tunaoutaka hupatikana kwa kuzidisha nusukipenyo kwa chenyewe, kisha kugawanya kwa mara nne ya urefu wa fokasi: 75 mara 75 ni 5,625, na mara nne ya 1,350 ni 5,400, jibu ni milimita 1.04. Kioo kitakachoondolewa hakifiki gramu 25.

Vifaa

Bamba la unene wa milimita 19 hupatikana kwa wauzaji wa vioo vya majengo katika miji mikubwa, na vipande vilivyobaki baada ya kukata meza au milango mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo. Lisiwe limeimarishwa kwa joto, maana kioo cha namna hiyo hupasuka chote kikikatwa. Duara hukatwa kwa ukingo wa bati la mviringo, mfano wa kopo lisilo na kitako, linalozungushwa juu ya bamba pamoja na unga wa kusagia na maji. Ni kazi ya siku nzima, na inafaa ifanywe na wanafunzi wawili kwa zamu.

Kisagio hakihitaji kuwa bamba la pili. Duara la saruji lililokauka vizuri, ambalo juu yake vimegandishwa vigae vidogo vya kauri vyenye nafasi kati yake, hufaa sana. Liachwe majuma kadhaa likauke, na lipakwe rangi ya mafuta ubavuni ili lisinywe maji.

Unga wa kusagia ni kabidi ya silikoni, ambayo mafundi wa magari huijua kwa jina la unga wa vali. Kwa kazi yetu zinahitajika chembe za ukubwa wa namna nyingi, kuanzia zile za milimita 0.2 hadi za milimita 0.01. Zikipatikana dukani zimekwisha kuchambuliwa, vema. Zisipopatikana, maji yatazichambua. Chukua tope lililobaki baada ya usagaji wa mwanzo, ambalo lina chembe zilizovunjika za kila ukubwa, ulikoroge katika ndoo ya maji safi. Chembe kubwa huzama upesi, ndogo huzama polepole. Kasi yake hufuata mraba wa kipenyo. Katika maji ya joto la kawaida la huku kwetu, chembe ya milimita 0.02 huzama sentimita 10 kwa dakika 3 hivi, na ile ya milimita 0.01 huchukua dakika 12 na zaidi. Basi ngoja dakika 3, uyavute kwa mpira yale maji ya juu, sentimita 10 tu. Humo hamna chembe yoyote ipitayo milimita 0.02. Yakoroge tena hayo uliyoyavuta, ngoja dakika 12, ufanye vivyo hivyo. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita waweza kuikokotoa kasi hiyo wenyewe kwa kanuni ya Stokes, kisha waihakikishe kwa saa na hadubini. Jaribio hilo peke yake lafaa kipindi kizima, hata pasiwe na darubini.

Kusaga

Kisagio hukazwa juu ya pipa lililojazwa mchanga ili lisitikisike. Msagaji hunyunyiza unga wa chembe kubwa na maji kidogo, huweka bamba juu, na kulisukuma. Baada ya misukumo michache huligeuza kidogo mikononi mwake na kupiga hatua moja kulizunguka pipa. Mwanzoni misukumo huwa mirefu, bamba likining'inia nje hata theluthi ya kipenyo chake, ili ubonyeo upatikane. Sauti ya unga itakuwa kali. Ikififia, unga umekwisha nguvu na mwingine utiwe. Kwa saa tano hivi milimita ile moja hupatikana. Huipimi kwa chombo cha thamani: weka rula iliyonyooka juu ya uso wa bamba, nawe ujaribu kupitisha chini yake, katikati, shina la kekee ya milimita 1. Likipita kwa kugusa tu, umefika.

Baada ya hapo misukumo hufupishwa iwe theluthi moja tu ya kipenyo, na chembe hupunguzwa hatua kwa hatua. Kila hatua huondoa vishimo vilivyoachwa na ile iliyotangulia, na huchukua saa moja au mbili. Kati ya hatua moja na nyingine kila kitu kioshwe: bamba, kisagio, pipa, mikono, hata kucha. Nguo zibadilishwe. Chembe moja kubwa iliyojificha katika mkunjo wa shati yatosha kuchora mfereji utakaokurudisha nyuma siku mbili. Unga ubaki umelowa daima, kwa kuwa vumbi lake si zuri kwa mapafu. Mwisho wa hatua hizi bamba huwa na ukungu laini kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Kung'arisha, na tatizo la joto

Kusaga huvunja uso wa kioo. Kung'arisha ni jambo jingine. Hapa chembe hazibingiriki tena, bali hushikwa na kitu laini kiasi cha kuzimeza nusu, kigumu kiasi cha kutobonyea upesi. Newton alitumia lami, na hadi leo hakujapatikana kilicho bora. Lami huonekana ngumu, tena ukiipiga kwa nyundo huvunjika kama kioo. Lakini ukiiegemea kwa muda hutiririka. Kwa hiyo hujilinganisha na umbo la tufe wakati wote wa kazi.

Lami hiyo hutengenezwa kwa utomvu mkavu wa msonobari ulioyeyushwa polepole na kulainishwa kwa tapentaini kidogo. Tapentaini huwaka kwa urahisi. Itiwe sufuria ikiwa imekwisha kuondolewa motoni, na kazi ifanywe nje ya nyumba. Mimina lami juu ya kisagio iwe na unene wa milimita 5 au 6, na ikianza kuganda ubonyeze juu yake bamba lililoloweshwa. Kisha kata mifereji ya kupitisha maji, ili paachwe miraba midogo.

Vitabu vingi vya ufundi huu vimeandikwa katika nchi za baridi, na vipimo vyake vya tapentaini hukisia chumba chenye nyuzi 20 za Selsiasi. Huku pwani chumba chaweza kuwa na nyuzi 30 wakati wa mchana, na lami iliyopikwa kwa kipimo cha kitabu itakuwa laini mno: mifereji itajifunga kwa saa chache na ukingo wa kioo utaporomoka. Dawa ni kupunguza tapentaini mpaka lami ikubali alama ya ukucha kwa kuukandamiza sekunde kadhaa, wala si papo hapo. Na kipimo hicho kifanywe katika joto lilelile la chumba na la saa ileile ya kazi. Mtu wa Njombe na mtu wa Tanga hawawezi kutumia lami moja. Mimi ningependa kazi hii ifanywe alfajiri, kabla jua halijapasha kuta.

Unga wa kung'arishia ni oksidi ya seriamu, ambayo mafundi wa vioo huitumia kuondoa mikwaruzo, au oksidi nyekundu ya chuma, ile ya masonara. Utiwe maji uwe kama maziwa mepesi. Baada ya saa sita mpaka kumi za misukumo mifupi, ukungu wote hutoweka, kuanzia katikati kuelekea ukingoni.

Wembe na tundu la sindano

Lakini tutajuaje kwamba kosa la uso halipiti milimita 0.00007? Hapa tunapaswa kumshukuru Mfaransa Léon Foucault, ambaye mwaka 1858 alibuni kipimo ambacho urahisi wake unashangaza hadi leo. Vifaa vyake ni taa, tundu la sindano, na wembe.

Simamisha kioo ukingo chini, mwisho wa chumba chenye giza. Kwa umbali wa sentimita 270, yaani mara mbili ya urefu wa fokasi, weka tochi ndani ya kopo lenye tundu dogo lililotobolewa kwa ncha ya sindano. Mwanga utokao tunduni huenda kwenye kioo na kurudi mahali palepale, kwa maana hapo ndipo kitovu cha tufe. Kioo bado hakijapakwa fedha, lakini uso uliong'arishwa huakisi asilimia 4 hivi ya mwanga, na kiasi hicho chatosha. Weka jicho kando ya tundu hata uone kioo chote kimejaa mwanga kama mwezi mpevu. Sasa pitisha wembe polepole mbele ya jicho, ukiukata mwanga. Wembe ukiwa karibu na kioo kuliko kitovu, kivuli huingia kutoka upande ule ule wa wembe. Ukiwa mbali zaidi, huingia kutoka upande wa pili. Ukiwa kitovuni hasa, kioo chote hufifia kwa pamoja kama taa inayopunguzwa utambi. Hiyo ndiyo ishara ya tufe kamili.

Uso ukiwa na kasoro, hutauona ukififia kwa usawa. Utaona vilima, mabonde na kingo zilizoinama, kana kwamba mwangaza wa jioni unayapiga kutoka ubavuni. Kila kilima hicho, ambacho hakuna kidole kiwezacho kukihisi, huonekana kikubwa kama kichuguu. Wanafunzi waambiwe wafanye jambo hili: gusa uso wa kioo kwa kidole kwa nusu dakika, uondoe, kisha utazame. Mahali palipoguswa pamefura kwa joto la kidole, na kilima chake hudumu dakika kadhaa. Hata hewa ya moto ipandayo kutoka kiganjani huonekana ikitiririka kama moshi. Ndiyo maana, baada ya kung'arisha, kioo kiachwe saa moja kipoe kabla ya kupimwa.

Vilima huondolewa kwa kurudi kwenye lami na kubadili urefu wa misukumo. Mafundi hawa wa nyumbani wamekuwa wengi zaidi tangu mwaka 1920, Russell Porter alipoanza kuwafundisha watu wa Springfield katika jimbo la Vermont, Marekani; wengi wao walikuwa wafanyakazi wa viwanda vya mashine, na kipimo walichotumia ni hikihiki cha wembe.

Fedha, bomba na kiweko

Kazi ngumu imekwisha. Kioo hupakwa fedha kwa kemia ileile ambayo wanafunzi huijua kwa jina la jaribio la Tollens: naitreti ya fedha, amonia, na sukari ya glukosi. Kioo kisafishwe mpaka maji yatandae juu yake bila kukatika. Tabaka la fedha lina unene wa milimita 0.0001, kwa hiyo uso wote hubeba chini ya gramu 0.02 za fedha. Ifanywe katika maabara, mbele ya mwalimu wa kemia, macho yakiwa yamekingwa. Mchanganyiko wa fedha na amonia usihifadhiwe hata usiku mmoja, maana ukikaa huweza kufanya kitu kinacholipuka; mabaki yatiwe asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, kisha yamwagwe. Fedha huingia weusi baada ya miezi, nawe huipaka tena. Alumini hudumu zaidi, lakini hupakwa ndani ya chombo kisicho na hewa, jambo ambalo si la nyumbani.

Kioo bapa cha upana wa sentimita 3 huziba asilimia 4 tu ya mwanga; wengine hutumia mche wa kioo uliotoka katika darubini ya macho mawili iliyovunjika. Lenzi ya jicho ya hadubini ya shule, ile iliyoandikwa 10, ina urefu wa fokasi wa sentimita 2.5, na 135 kwa 2.5 ni 54: hayo ndiyo makuzi yako. Bomba laweza kuwa sanduku refu la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani.

Kuhusu kiweko, michoro ya Ulaya huonyesha mhimili ulioinama kuielekea Nyota ya Kaskazini. Dar es Salaam, ambayo iko nyuzi 7 kusini mwa ikweta, mhimili huo ungekaribia kulala chini, na nyota yenyewe haionekani. Afadhali kiweko alichokieneza John Dobson huko San Francisco tangu miaka ya 1960: kisanduku cha plaiwudi kinachozunguka juu ya vipande vitatu vya plastiki, na bomba likiinuka na kushuka juu ya magurudumu mawili ya ubavuni. Kina udhia mmoja unaotuhusu sisi zaidi ya wengine, nao ni kwamba ni kigumu kukizungusha kikielekea utosini, na huku kwetu sayari hupita karibu na utosi. Zitazame zikiwa zimeinuka nusu tu.

Usielekeze chombo hiki kwenye Jua kamwe, wala karibu yake. Jicho litaungua kabla ya kuhisi maumivu.

Kioo cha sentimita 15 hukusanya mwanga mara 450 kuliko mboni ya jicho iliyopanuka gizani. Miezi minne ya Mshtarii, pete za Zohali, na mamia ya mashimo ya Mwezi huonekana bila taabu. Kusini mwetu kuna vitu ambavyo Herschel, kule Bath, hakuweza kuvielekezea darubini yake kabisa, kwa kuwa havipandi juu ya upeo wa macho wa Uingereza: Alfa Sentauri, ambayo ni nyota mbili zinazoonekana kama moja, na Omega Sentauri, mkusanyiko wa mamilioni ya nyota.

Usiku wa kwanza, chagua nyota moja angavu. Sogeza lenzi ya jicho ndani kidogo ya fokasi, kisha nje kidogo. Nyota itapanuka iwe sahani yenye duara ndani ya duara. Sahani hizo mbili zikifanana, kioo ni kizuri. Zisipofanana hata baada ya chombo kupoa na vioo vyake kunyooshwa, fedha yote huondolewa kwa asidi ya naitriki iliyozimuliwa kwa dakika chache, nacho kioo hurudi juu ya lami.